Husuni ya Kilwa Itazamwapo kutoka Njombe

Neno ngome lina ndugu wengi katika Kiswahili, na kila mmoja ana safari yake. Husuni lilitoka katika Kiarabu, na maana yake ni mahali palipokingwa kwa kuta. Gereza, kwa maelezo yanayokubaliwa na wengi, lilitokana na neno la Kireno lenye maana ya kanisa, kwa sababu Wareno walizoea kujenga kanisa ndani ya kuta za ngome zao. Siku zilipopita ngome zikawa vifungo, na neno likabaki na wafungwa. Boma lilikuwa ua wa magogo au wa miiba wa kuzuia simba na adui, kisha likawa jengo la serikali katika utawala wa Wajerumani na wa Waingereza, na hata leo mzee mwenye shauri la shamba husema kwamba anakwenda bomani. Wahehe nao waliiita ngome kuu ya mtawala wao Lipuli. Msamiati huu ni tajiri, lakini utunzaji wa ngome zenyewe haukufuata utajiri wake, bali umefuata jiwe na chokaa.

Kijana aliyesomea Njombe au Makambako hujifunza ngome za kale za nchi yake kwa picha za pwani: matao ya Kilwa, mnara wa Gereza, bahari nyuma yake. Nchi aliyozaliwa haimo katika picha hizo. Si kwamba Ubena haikujua vita. Katika karne ya 19 nchi hiyo ilikuwa kati ya Wahehe upande wa kaskazini, Wasangu upande wa magharibi na Wangoni upande wa kusini, na wote watatu waliivamia. Makambako, ambayo leo ni mji wa malori, stesheni ya reli ya TAZARA na njia panda ya kwendea Njombe na Songea, iko ukingoni mwa nchi hiyo, mahali ambapo majeshi yalipita kabla ya magunia ya viazi na mbao. Basi swali linalostahili kuulizwa ni hili: kazi iliyofanywa Kilwa kwa zaidi ya miaka 60, ambayo kwa sehemu kubwa ni kazi njema, imefundisha nini ambacho kingefaa nyanda za juu, na imeficha nini?

Swali hili si la kujifurahisha tu, kwa kuwa jibu lake limo katika sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyokuja baada ya ile ya mwaka 1937 ya wakati wa Waingereza na ikarekebishwa mwaka 1979, inalinda majengo, ngome, makaburi na kazi nyingine za mikono ya wanadamu zilizofanywa kabla ya mwaka 1863. Kilichojengwa baada ya hapo hakikufungiwa mlango kabisa, maana Waziri anaweza kukitangaza kuwa ni kitu cha kulindwa. Lakini ipo tofauti kati ya kuingia nyumbani kwa haki na kuingia kwa kubisha hodi na kungoja. Kwa kigezo hicho Kilwa yote imo ndani tangu siku ya kwanza. Ngome kubwa ya nyanda za juu za kusini, iliyojengwa katika miaka ya 1880, ilibidi ingoje nje.

Yafaa kuanza na Kilwa, kwa sababu ndiko ufundi wa kuhifadhi ulikojaribiwa kwa muda mrefu zaidi.

Husuni Kubwa imesimama juu ya mwamba unaotazama bahari, mashariki ya mji wa kale wa Kilwa Kisiwani. Aliyeijenga ni Sultani al-Hasan bin Sulaiman, wa ukoo wa Mahdali, katika miongo ya kwanza ya karne ya 14, na jina lake lilionekana katika jiwe lililochongwa maandishi ambalo lilifukuliwa humo humo. Ndiye sultani aliyemkaribisha Ibn Battuta mwaka 1331. Jengo lina vyumba zaidi ya 100, birika la kuogea lenye pembe nane, na uwanja mpana uliozungukwa na vyumba ambavyo aghalabu huhesabiwa kuwa maghala ya biashara. Halikukamilika, wala halikukaliwa kwa muda mrefu. Na jambo la kwanza ambalo mhifadhi wake hana budi kulikubali ni kwamba husuni hii haikuwa husuni. Ilikuwa jumba la mfalme mfanyabiashara. Yaelekea kwamba watu wa vizazi vya baadaye walikuta kuta nene zisizo na mwenyewe, wakazipa jina la kitu walichokijua. Kwa hiyo hata kabla mwashi hajashika mwiko, jengo lilikuwa limekwisha kutengenezwa mara moja, nalo lilitengenezwa kwa neno.

Ngome ya kweli ya kisiwa hicho ni Gereza. Mwaka 1505 Francisco de Almeida aliuteka mji na Wareno wakajenga ngome karibu na maji, wakaiacha mwaka 1512. Jengo lionekanalo sasa kwa sehemu kubwa ni la wakati wa Waomani, karibu na mwaka 1800, lakini ndani yake imo sehemu ya kazi ya Wareno. Nani basi mwenye ngome hiyo? Mwenye kuihifadhi akiamua kuirudisha katika hali ya mwaka 1505, itampasa abomoe kazi ya Waomani. Akiamua kuirudisha katika hali ya mwaka 1800, itampasa afiche kazi ya Wareno. Upande wake unaotazama bahari umeliwa na mawimbi, na mawimbi nayo ni sehemu ya historia yake, ingawa si sehemu ya kusherehekewa.

Vifaa vya ujenzi wa Kilwa ni vichache na vya hapo hapo. Kuta ni za mawe ya matumbawe yaliyochimbwa nchi kavu. Miimo ya milango na mihirabu ni ya tumbawe laini lililokatwa baharini likiwa bado bichi, ambalo huchongeka kwa urahisi, kisha hukauka na kuwa gumu. Kinachoshika vyote ni chokaa, iliyopatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya lundo la magogo na kuyaacha yakinyeshewa mvua kwa miezi mingi mpaka yalainike. Dari ni za boriti za mikoko, na juu yake zege la chokaa. Urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba, na ndiyo maana vyumba vingi vya majumba ya pwani ni virefu na vyembamba. Ukuta wa chokaa huruhusu unyevu kuingia na kutoka. Saruji haifanyi hivyo. Saruji ni ngumu kuliko tumbawe, hufunga chumvi na maji ndani, na baada ya miaka michache jiwe humomonyoka nyuma ya kipande cha saruji ambacho chenyewe bado kinaonekana kizima. Mtu atakayeziba ufa wa ukuta wa kale kwa saruji atasifiwa mwaka huo na kulaumiwa na wajukuu wake.

Mwaka 1957 Tanganyika ilipata idara ya mambo ya kale, na mkuu wake wa kwanza, Neville Chittick, aliielekeza Kilwa kazi kubwa ya maisha yake. Uchimbaji uliendelea katika miaka ya 1960, na matokeo yalichapishwa mwaka 1974 katika vitabu viwili ambavyo hadi leo hakuna msomi wa pwani awezaye kuvikwepa. Sifa hiyo ni yake bila ubishi. Hata hivyo kufukua kuna gharama ambayo vitabu haviitaji kwa sauti. Ukuta uliozikwa hutunzwa na udongo uliouzika: joto halibadiliki sana, mvua haiugongi, mizizi haipati mwanya mpya. Ukifukuliwa unakuwa kama mgonjwa aliyefunuliwa shuka, na anayemfunua anajitwika wajibu wa kumkinga na baridi kila mwaka. Elimu ilipatikana mara moja, lakini wajibu huo ulibaki kwa idara ambayo kwa miaka mingi haikuwa na fedha za kuutimiza.

Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Heshima hiyo haikuzuia ukuta hata mmoja kuanguka. Mwaka 2004 UNESCO iliyaweka katika orodha ya mahali palipo hatarini, kwa sababu mawimbi, mvua na mizizi vilikuwa vikiendelea na kazi yao. Zilikuja fedha za Ufaransa na Japani kupitia UNESCO, na baadaye shirika la World Monuments Fund nalo likashiriki. Wanakijiji walifundishwa uashi wa chokaa, vichwa vya kuta vikafunikwa ili maji yasiingie katikati, na mikoko ikapandwa ufukoni ili kuvunja nguvu ya bahari. Mwaka 2014 magofu yaliondolewa katika orodha ya hatari.

Kilichofanywa vizuri hapo ni kile ambacho hakikufanywa. Hakuna aliyeipaua Husuni Kubwa. Hakuna aliyemalizia vyumba ambavyo sultani mwenyewe hakuvimaliza. Kiswahili kina maneno mawili ambayo siku hizi hutumiwa kana kwamba ni mamoja, nayo ni kukarabati na kuhifadhi. Gari hukarabatiwa, na bomba la maji hukarabatiwa, kwa kuwa kinachotakiwa ni kwamba kifanye kazi tena. Lakini Kurani huhifadhiwa. Mtoto wa chuoni aliyeihifadhi hakuongeza neno wala hakupunguza, na wala hakuitengeneza ipendeze zaidi; aliibeba moyoni kama alivyoipokea. Waashi wa Kilwa, kwa sehemu kubwa, walihifadhi. Na ufundi wao haukuondoka kisiwani kazi ilipokwisha, kwa sababu ulikuwa mikononi mwa watu walioishi karibu na kuta hizo.

Ulaya ilifika kwenye tofauti hii baada ya makosa mengi. Mji wa Carcassonne, kusini mwa Ufaransa, una kuta na minara ya zama za kati ambayo katika karne ya 19 ilikuwa karibu kubomolewa. Eugène Viollet-le-Duc aliiokoa kwa kazi iliyoanza mwaka 1853, na bila yeye huenda mgeni asingekuta kitu leo. Lakini aliivika minara vilemba vyenye ncha kali vya vigae vya mawe, kama ile ya kaskazini, katika nchi ya kusini ambayo haikuezeka hivyo. Na katika karne ya 20 baadhi ya mapaa hayo yalibadilishwa tena. Yeye mwenyewe hakuficha imani yake kwamba kutengeneza jengo ni kulifikisha katika hali ya ukamilifu ambayo yamkini halikupata kuwa nayo wakati wowote. Mwingereza John Ruskin alikuwa amekwisha kuandika mwaka 1849 kwamba kazi ya namna hiyo ni uharibifu mkubwa kuliko wote. Mkataba wa Venice, ambao mafundi na wasomi wa nchi nyingi waliukubali mwaka 1964, ulichukua njia ya kati: kutengeneza kunaruhusiwa, lakini kukome pale dhana inapoanza. Ni jambo la kuangaliwa kwamba mwaka ule ule ambao mkataba huo ulitangazwa, Bunge lilipitisha ile sheria yenye mwaka 1863 ndani yake. Mkataba uliuliza ni kwa kiasi gani jengo linajulikana. Sheria iliuliza ni la lini.

Swali la pili halitoshi, na ushahidi wake uko Unguja, ambako kuna sheria nyingine. Beit al-Ajaib ilijengwa mwaka 1883. Hakuna mwenye akili aliyepata kusema kwamba jengo hilo ni changa mno kuhifadhiwa, na lilipoporomoka sehemu kubwa tarehe 25 Desemba 2020, likiwa katika matengenezo na kuua watu, msiba ulihesabiwa kuwa wa Waswahili wote. Ngome ya Mkwawa ni rika la jengo hilo. Ilijengwa katika muongo ule ule.

Kutoka Makambako, barabara kuu ielekeayo kaskazini hufika Iringa, na kilomita chache nje ya mji huo ndipo palipo Kalenga. Mkwawa, mwana wa Munyigumba, alijenga hapo ngome ya mawe na udongo, yenye kuta zilizozunguka makao yake, maghala na nyumba za watu wake. Tarehe 17 Agosti 1891 jeshi lake lilimuua Emil von Zelewski na sehemu kubwa ya kikosi chake huko Lugalo, na Wajerumani wakatumia miaka mitatu kujiandaa kulipa kisasi. Mwisho wa Oktoba 1894 walifika Kalenga chini ya Gavana von Schele wakiwa na mizinga, na tarehe 30 waliiteka ngome na kuivunja. Mkwawa aliponyoka, akapigana porini miaka minne, akajiua tarehe 19 Julai 1898 ili asikamatwe. Kichwa chake kilikatwa. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, katika kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ilirudishe fuvu hilo, na lilirudi mwaka 1954, likakabidhiwa na Gavana Twining.

Makumbusho ya Kalenga yanalitunza fuvu. Hapo ndipo ulipo ubora wake, na ndipo ulipo upungufu wake. Mgeni anayetoka Njombe na basi la asubuhi anaingia katika chumba kidogo, anaonyeshwa fuvu na silaha, anasikiliza masimulizi ya Lugalo, na anatoka akiwa na uchungu unaostahili. Lakini ukuta ambao mizinga iliupiga, na ambao vipande vyake vichache vimesalia katikati ya makazi ya watu, anaupita kama anavyopita kichuguu. Mtu amehifadhiwa na ngome yake imeachwa. Shujaa anabaki peke yake, kana kwamba alishindana na dola la Kaiser kwa moyo wake tu. Ukuta ndio unaoonyesha kwamba alikuwa pia mtawala mwenye hesabu, aliyekusanya nguvu ya maelfu ya watu, akawalisha, akawapanga, akasomba mawe kwa miaka. Ujasiri wa Mkwawa unasimuliwa vizuri sana Kalenga. Utawala wake hausomeki kwa urahisi, maana ulikuwa umeandikwa katika udongo.

Wapo watakaosema kwamba dawa ni kuujenga ukuta upya. Wazo hilo linavutia, hasa kwa wapenda utalii, na ni wazo baya. Ukuta mpya wa Lipuli ungejengwa kwa dhana kutoka msingi hadi juu, na zaidi ya hapo ungefuta tendo la tarehe 30 Oktoba 1894. Kuvunjwa kwa ngome hiyo ni jambo kubwa katika historia yake kama lilivyo kujengwa kwake. Gofu la Kalenga lina washitakiwa, na ukuta uliosimama upya, mzuri na wenye kupigwa picha, ungekuwa shahidi aliyenunuliwa. Mahali panapofaa kuijenga upya Lipuli papo, napo ni jukwaani. M. M. Mulokozi aliandika tamthilia iitwayo Mukwava wa Uhehe, na kila mara wanafunzi wanapoiigiza, dola la Mkwawa husimama tena kwa muda wa onyesho, kisha taa zinazimwa na hakuna aliyedanganyika. Tamthilia ina ruhusa ya kudhani kwa sababu kila mtazamaji anajua kwamba anaonyeshwa dhana. Mwashi hana ruhusa hiyo. Kadhalika jina la ngome halikuhitaji saruji ili liishi: Lipuli ni jina la timu ya mpira ya Iringa, na vijana wasiojua hata vipande vya ukuta viko wapi wamelipigia kelele uwanjani.

Kinachotakiwa Kalenga ni kile kilichofanywa Kilwa, lakini kwa vifaa vingine. Vipande vilivyobaki vipimwe na kuchorwa, mstari wa ukuta uliopotea uonyeshwe ardhini bila kuinuliwa, na vichwa vya vipande vifunikwe kwa udongo uliokandwa ili mvua ya masika isiingie katikati. Husemwa mara nyingi kwamba udongo hauhifadhiki. Anayesema hivyo hajasikia habari za msikiti mkuu wa Djenné nchini Mali, uliojengwa upya mwaka 1907 kwa udongo mtupu, na ambao watu wa mji huupaka udongo mpya kila mwaka, vijana juu ya ngazi na wazee wakisimamia. Wala haina haja kwenda Mali. Kila bibi wa Ubena aliyepata kuishi katika nyumba ya udongo alijua kwamba ukuta huzeeka na masika na hurudi katika ujana wake kwa siku chache za kazi baada ya mvua kukatika. Hakuita kazi hiyo uhifadhi. Ni ufundi ule ule wa Kilwa: kurudia kidogo kidogo, kwa kitu kile kile, kwa mkono wa anayeishi hapo. Leo, ambapo nyumba nyingi za Njombe na Makambako ni za tofali za kuchoma na bati, ufundi huo unatoweka upesi kuliko ukuta wenyewe, na atakayetaka kuitunza Kalenga itampasa kuwaajiri walioukumbuka mapema.

Lakini Kalenga ni ya Wahehe, na msomaji wa Njombe ana haki ya kuuliza ya kwake iko wapi. Jibu la Wabena kwa vita vya karne ya 19 kwa sehemu kubwa halikuwa ukuta. Baadhi yao walihama, wakashuka hadi bonde la Kilombero, na habari zao ziliandikwa na A. T. Culwick na mkewe G. M. Culwick katika kitabu cha mwaka 1935 kuhusu Wabena wa mitoni. Waliobaki juu walijificha, na jina linalotajwa kuliko mengine katika masimulizi yao ni Nyumbanitu, maana yake nyumba nyeusi. Ni msitu wenye mapango katika mkoa wa Njombe, na wazee husimulia kwamba ndani yake watu walijificha wakati wa vita na Wahehe. Miti yake haikatwi ovyo, mgeni haingii bila taratibu, na zipo hadithi za kuku weusi wa msituni ambao haifai kuwagusa. Mwenye kupenda mantiki anaweza kuzicheka hadithi hizo. Atafanya kosa. Mwiko wa Nyumbanitu umefanya kazi ambayo idara yenye bajeti haikuiweza Kilwa kati ya mwaka 1981 na mwaka 2004: umezuia shoka. Hapo ngome ni giza la msitu wenyewe, na miti ikikatwa giza halipo tena, hata mapango yakibaki yote.

Ubena ilionja pia vita vya baadaye. Mwezi Septemba 1905, wakati wa Maji Maji, misheni ya Yakobi karibu na Njombe ilishambuliwa, na nyumba ya mchungaji ikageuka ngome kwa siku hizo. Serikali ya Kijerumani ilijibu kusini mwote kwa kuchoma vijiji na mashamba, na njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Atafutaye magofu ya mwaka ule hatayapata, kwa kuwa nyumba za miti na nyasi hazina magofu. Yapo majina ya mahali, ipo miti iliyopandwa makaburini, yapo masimulizi yanayotofautiana kutoka ukoo mmoja hadi mwingine. Mtu aliyefunzwa kwa kipimo cha Kilwa atasema kwamba hapa hapana kitu cha kuhifadhi, na atairudia njia ya Makambako akiwa amepita kati ya vitu hivyo vyote.

Mwaka 1863 hauwezi kutetewa, ingawa waliouandika hawakuwa watu wabaya. Walikuwa na picha ya pwani machoni, na kwa picha hiyo ulitosha. Sheria ya Kenya ya mwaka 1983 ilichagua mwaka 1895 kuwa mpaka wa majengo ya kale. Mpaka huo nao una kasoro zake, lakini kama ungekuwa ndio mpaka wa Tanzania, Lipuli ingeingia ndani kwa haki yake yenyewe, maana wakati huo ilikuwa imekwisha kujengwa, kupiganiwa na kubomolewa. Nyumbanitu ingebaki nje ya kipimo hata hivyo, kwa kuwa hakuna mkono wa mtu ulioijenga.